Chumvi, Madini Joto na Ubongo wa Mtoto

Katika karne ya 19 msafiri aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji hakuweza kuikwepa Tabora. Hapo, katika nchi ya Unyanyembe, ndipo njia kuu ya misafara ilipogawanyika: tawi moja lilielekea kaskazini hadi Ziwa Viktoria na Buganda, na jingine liliendelea magharibi hadi Ziwa Tanganyika. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, mahali ulipo mji wa Tabora, mwezi wa Novemba 1857. Walipumzika hapo, kisha wakashika njia ya magharibi na kufika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Vitabu vya historia hutaja sana pembe za ndovu, nguo, shanga na unyama wa biashara ya watumwa uliopita katika njia hiyo. Bidhaa moja hutajwa kwa nadra, ingawa hapakuwa na jiko lililoweza kukaa bila hiyo. Bidhaa hiyo ni chumvi.

Chumvi ya nchi za magharibi ilitoka Uvinza, kati ya Tabora na Ujiji, karibu na mahali Mto Ruchugi unapoingia katika Mto Malagarasi. Hapo zipo chemchemi za maji ya chumvi. Wenyeji waliyachemsha maji hayo katika vyungu vya udongo mpaka yakakauka, wakaikusanya chumvi iliyobaki na kuiuza kwa watu wa mbali na wa karibu. Uchimbaji wa mambo ya kale uliofanywa na J. E. G. Sutton na Andrew Roberts katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba kazi hiyo ilikuwa imekwisha anza yapata karne ya tano au ya sita. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mabehewa yalichukua nafasi ya mabega ya wapagazi.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka elfu moja watu wa magharibi walikuwa na chumvi ya kukolezea mboga. Hata hivyo, kuna kitu kimoja ambacho chumvi ya asili, iwe ya chemchemi au ya bahari, kwa kawaida haina cha kutosha. Kitu hicho huhitajiwa na mwili kwa kipimo kidogo mno, lakini mama mjamzito akikikosa, ubongo wa mtoto wake haujengeki sawasawa. Makala haya yanaeleza kitu hicho ni nini, hufanya kazi gani ndani ya chembe za ubongo, na kwa nini uchunguzi wa maabara za vyuo vikuu vya mbali unamhusu mama anayenunua chumvi katika soko la Tabora, Urambo au Kasulu.

Kitu kidogo, kazi kubwa

Wanakemia hukiita iodini. Wananchi wa Tanzania wamezoea kukiita madini joto. Kiligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois alipokuwa akishughulika na majivu ya mwani. Aliona mvuke wenye rangi ya urujuani ukipanda kutoka katika chombo chake, na jina la iodini limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi hiyo. Karibu na mwisho wa karne hiyo Mjerumani Eugen Baumann alitambua kwamba madini hayo yamo ndani ya tezi ya thairoidi ya binadamu.

Tezi ya thairoidi ina umbo kama la kipepeo, nayo hukaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani kemikali zinazopelekwa na damu kuamrisha kazi katika sehemu nyingine za mwili. Homoni zake kuu ni mbili. Molekuli ya ile ya kwanza, inayoitwa T4, ina atomu nne za iodini; ya pili, inayoitwa T3, ina atomu tatu. Bila iodini homoni hizo haziwezi kutengenezwa, na hakuna kitu kingine kinachoweza kushika nafasi yake.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo ajabu. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mikrogramu moja ni sehemu moja katika milioni ya gramu. Mwanafunzi anaweza kupiga hesabu mwenyewe: mikrogramu 150 mara siku 365 ni kama gramu 0.055 kwa mwaka, na katika umri wa miaka 70 jumla yake haifiki gramu nne. Kijiko kimoja cha chai chatosha kwa maisha yote ya mtu. Lakini mwili hauwezi kuweka akiba ya kijiko hicho kwa miaka mingi, kwa hiyo hapana budi kiasi hicho kidogo kiingie mwilini siku baada ya siku. Mama mjamzito huhitaji zaidi, yaani mikrogramu 250 kwa siku.

Sehemu kubwa ya iodini ya dunia imo baharini. Katika nchi kavu, hasa penye miinuko na mvua nyingi, maji yameiosha kutoka katika udongo kwa maelfu ya miaka. Mahindi yanayoota katika udongo wa namna hiyo hustawi vizuri kama mengine, kwa kuwa mmea haukwami kwa kuikosa. Mkulima hawezi kuona kasoro yoyote shambani. Kasoro huonekana kwa mtu anayekula mazao hayo.

Rovu ni dalili tu

Homoni za thairoidi zinapopungua, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huiamrisha thairoidi kufanya kazi kwa bidii zaidi. Thairoidi hutii, lakini haina malighafi. Hukua, huvimba, na shingoni huonekana uvimbe unaoitwa rovu. Kwa miaka mingi rovu ndilo lililohesabiwa kuwa ugonjwa wenyewe. Kumbe lilikuwa kama moshi unaoonekana juu ya paa, ilhali moto uko chumbani.

Moto wenyewe uko katika ubongo wa mtoto aliye tumboni. Katika miezi ya mwanzo ya mimba tezi ya mtoto bado haijaweza kutengeneza homoni, kwa hiyo mtoto hutegemea homoni za mama peke yake. Katika miezi hiyo hiyo chembe za neva zinazaliwa na kuhama kwenda mahali pake. Baadaye zitanyoosha matawi, zitaungana, na nyuzi zake zitavikwa ala ya mafuta iitwayo mielini ili ujumbe upite kwa kasi. Upungufu ukiwa mkali sana, mtoto huzaliwa na hali iitwayo ukretini: akili nzito, pengine na uziwi, ububu, miguu iliyokakamaa au kimo kifupi. Upungufu ukiwa wa wastani hakuna kilema kinachoonekana, ila mtoto huweza kuwa mzito wa kufahamu kuliko ambavyo angekuwa.

Ushahidi wa wazi ulipatikana Papua New Guinea. Katika miaka ya 1960 watafiti, miongoni mwao Peter Pharoah na Basil Hetzel, waliwagawa watu wa bonde moja la milimani katika makundi mawili. Kundi moja lilidungwa sindano ya mafuta yenye iodini, na jingine maji ya chumvi ya kawaida. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1971 yalionyesha kwamba ukretini ulizuiwa pale mama alipopata mafuta hayo kabla ya kushika mimba. Waliokuwa wamekwisha kuwa wajawazito walipodungwa waliweza bado kuzaa watoto wenye hali hiyo. Jambo la kuamua lilikuwa ni wakati.

Hapo ndipo swali gumu linapotokea. Kwa nini kuchelewa kwa miezi michache kulete madhara ya maisha yote, hata kama mtoto atapewa iodini tele baadaye? Jibu limo ndani ya kiini cha chembe, katika elimu iitwayo epijenetiki.

Reli moja, njia nyingi

Kila chembe ya mwili wa binadamu, isipokuwa chache kama chembe nyekundu za damu, ina urithi ule ule wa DNA. Chembe ya ini na chembe ya ubongo zina jeni zile zile, zipatazo 20,000 zinazoagiza protini. Tofauti yao ni kwamba kila moja hutumia baadhi ya jeni hizo na kuzifunga nyingine. Mwaka 1942 Mwingereza Conrad Waddington alilitumia neno epijenetiki kueleza jinsi jeni na mazingira yake zinavyoshirikiana kumfanya kiumbe awe alivyo. Siku hizi neno hilo hutumika hasa kwa alama za kikemia zinazoamua jeni ipi isomwe na ipi ifungwe, bila kubadili maandishi ya DNA yenyewe.

Kituo cha reli cha Tabora chaweza kutoa mfano. Treni inayotoka Dar es Salaam hufika hapo penye njia panda: tangu mwaka 1928 ipo reli ya kwenda Mwanza, na ipo ile ya Kigoma. Reli zote mbili zimekwisha jengwa. Kinachoamua treni iende wapi ni chuma kidogo kinachosogezwa kushoto au kulia kabla haijapita. Kikisogezwa kwa wakati, treni hufika inakotakiwa. Kikisogezwa baada ya treni kupita, hakisaidii kitu, hata kama kimesogezwa sawasawa.

Katika chembe, chuma hicho kina sura mbalimbali. DNA ya chembe moja ikinyooshwa ina urefu wa karibu mita mbili, nayo imekunjwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Hukunjwa kwa kuzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye kigurudumu. Uzi ukikazwa, jeni zilizo humo hazisomeki, ukilegezwa, zinasomeka. Kundi la atomu liitwalo asetili linapobandikwa kwenye histoni, uzi hulegea. Likiondolewa, hukaza. Alama nyingine iitwayo methili hubandikwa kwenye DNA yenyewe, na mara nyingi huifunga jeni.

Homoni inavyofungua jeni

Mwezi wa Desemba 1986 makundi mawili ya watafiti, la Ronald Evans huko California na la Björn Vennström huko Heidelberg, yalitangaza kwa pamoja kwamba yamekitambua kipokezi cha homoni ya thairoidi. Ni protini inayokaa ndani ya kiini, imeshikamana na DNA pale pale penye jeni zinazohusika.

Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulionyesha jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Kipokezi hicho hakikai bure kikisubiri homoni. Kisipokuwa na homoni, hushikana na protini nyingine pamoja na kimeng'enya kinachoondoa asetili kwenye histoni. Uzi hukaza, na jeni hufungwa. Homoni T3 inapofika na kuingia katika kipokezi, kipokezi hubadilika umbo. Huwaachia wafungaji na kuwashika wafunguaji, ambao huleta asetili. Uzi hulegea, na jeni huanza kusomwa. Miongoni mwa jeni zinazoongozwa hivyo zimo zinazohusika na kutengeneza mielini na kuikomaza miunganisho ya neva.

Basi upungufu wa homoni ni zaidi ya ukimya. Ni amri ya kufunga inayoendelea kutolewa wakati ambapo ilipaswa kutolewa amri ya kufungua. Mwaka 2002 watafiti wa maabara ya Juan Bernal huko Madrid walilithibitisha hilo kwa panya. Panya waliokosa homoni walipata kasoro katika ubongo wa nyuma. Lakini panya waliokosa homoni na pia kukosa aina moja ya kipokezi chenyewe hawakupata kasoro hiyo. Kipokezi kitupu, kisicho na homoni, kilikuwa na madhara kuliko kutokuwapo kwa kipokezi kabisa.

Funzo la kiluwiluwi

Jambo hili laweza kuonekana hata kwenye dimbwi la maji wakati wa masika. Mwaka 1912 J. F. Gudernatsch alitangaza kwamba viluwiluwi waliolishwa vipande vya tezi ya thairoidi waligeuka kuwa vyura wadogo kabla ya wakati wao. Watafiti waliomfuata waliwaondolea viluwiluwi tezi hiyo, nao wakaendelea kukua na kunenepa majini, lakini hawakuwa vyura kamwe. Chura na kiluwiluwi wana DNA ile ile. Homoni ndiyo inayoamuru kurasa za kiluwiluwi zifungwe na za chura zifunguliwe.

Ni kwa sababu hiyo maabara ya Robert Denver katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, imewatumia viluwiluwi na panya pamoja. Mwaka 2016 maabara hiyo ilionyesha kwamba katika chembe za neva za panya homoni ya thairoidi huiamrisha jeni ya kimeng'enya kinachobandika methili kwenye DNA. Maana yake ni kwamba homoni hii hufungua na kufunga jeni moja moja, na zaidi ya hapo humwongoza fundi mwenyewe anayebandika alama. Kosa la mapema linaweza hivyo kuenea mbali.

Umuhimu wa alama hizi kwa ubongo umethibitishwa pia kwa njia nyingine. Mwaka 1992 maabara ya Adrian Bird ilitambua protini iitwayo MeCP2, inayosoma alama za methili. Mwaka 1999 maabara ya Huda Zoghbi huko Houston iligundua kwamba kasoro katika jeni ya protini hiyo ndiyo chanzo kikuu cha ugonjwa wa Rett, ambao huwapata hasa wasichana. Mtoto huanza kukua vizuri, kisha hupoteza maneno aliyojifunza na uwezo wa kutumia mikono yake. Mwaka 2007 Bird na wenzake waliirudisha jeni hiyo katika panya waliokuwa wamekwisha ugua, na wengi wao wakapata nafuu kubwa. Hapa reli yenyewe ilikuwa imekwisha jengwa. Kilichokosekana ni msomaji wa alama.

Katika upungufu wa iodini hali ni tofauti. Chembe zilizokosa kuhama kwa wakati wake haziwezi kurudishwa njiani kwa homoni ya baadaye. Mtoto aliyezaliwa na tezi mbovu lakini ambaye mama yake alikuwa na homoni za kutosha huweza kukua vizuri akitibiwa katika wiki za kwanza. Ndiyo sababu nchi nyingi, kwa kufuata kazi iliyoanzia Quebec huko Kanada katika miaka ya 1970, huwapima watoto wachanga damu ya kisiginoni. Lakini aliyekosa homoni tangu miezi ya mwanzo ya mimba amepitwa na treni.

Vidonge na chumvi Tanzania

Katika miaka ya 1980 uchunguzi ulionyesha kwamba upungufu wa madini joto ulikuwa umeenea Tanzania, hasa katika nyanda za juu na sehemu za magharibi. Rovu lilionekana kwa robo ya waliochunguzwa, na katika wilaya zilizoathirika sana idadi ilipita nusu. Mwaka 1986, mwaka ule ule kipokezi cha homoni kilipotambuliwa maabarani, Tanzania ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizohitaji zaidi, Taasisi ya Chakula na Lishe ikishiriki katika kazi hiyo. Kidonge kiliweza kumlinda mtu kwa mwaka mmoja au zaidi. Kazi haikuwa rahisi: vijiji vilikuwa mbali, na mara nyingi muda kati ya mgawo mmoja na mwingine ulirefuka kuliko ilivyopangwa.

Dawa ya kudumu ilikuwa kuitia iodini ndani ya chumvi. Uswisi na Marekani zilikuwa zimekwisha anza kufanya hivyo katika miaka ya 1920. Tanzania ilichagua njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sheria ikawataka watengenezaji waiongeze. Chumvi ilichaguliwa kwa sababu ile ile iliyoifanya isafiri na misafara: kila mtu huila, tajiri na maskini, kila siku, kwa kiasi kisichobadilika sana. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2004 uliwagusa wanafunzi zaidi ya 100,000. Ulionyesha kwamba kaya zipatazo 84 katika kila 100 zilikuwa na chumvi yenye madini joto, na rovu lilikuwa limeshuka kutoka asilimia 25 ya miaka ya 1980 hadi asilimia 7.

Je, watoto walijifunza vizuri zaidi? Mwaka 2009 mchumi Erica Field na wenzake walitangaza kwamba watoto wa Tanzania ambao mama zao walipata vidonge kabla au mwanzoni mwa mimba waliendelea na masomo kwa muda mrefu kidogo kuliko wenzao, yapata theluthi moja ya mwaka au zaidi, na faida kubwa ilikuwa kwa wasichana. Habari hiyo ilisambaa sana. Lakini mwaka 2020 watafiti wengine waliorudia hesabu hiyo kwa marekebisho na kwa takwimu zaidi hawakuyapata matokeo yale kwa uthabiti. Hili si jambo la kuwavunja moyo wanafunzi. Kwamba iodini huhitajika katika kujenga ubongo ni jambo lililothibitishwa kwa njia nyingi. Ni miaka mingapi ya shule iliyopatikana kwa kidonge kimoja, hilo ni swali jingine, na sayansi huruhusu hesabu ya mtu yeyote irudiwe na kusahihishwa.

Yafaa tahadhari nyingine itajwe. Alama za epijenetiki katika ubongo wa mtu aliye hai haziwezi kuchukuliwa na kupimwa kama damu. Mengi yanayojulikana yametokana na panya, viluwiluwi na chembe zinazokuzwa maabarani. Kadhalika, si kila mtoto anayechelewa kusema au kusoma amekosa madini joto. Ziko sababu nyingi: uzazi mgumu, malaria kali ya kichwani, homa ya uti wa mgongo, utapiamlo, kasoro za jeni, na uziwi usiotambuliwa.

Muhogo una sehemu yake

Katika nchi nyingi za njia ya zamani ya misafara muhogo ni chakula kikuu au ni kinga ya njaa. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi. Usipoandaliwa vizuri, mwili huigeuza sumu hiyo kuwa thiosayaneti, ambayo huizuia thairoidi kuichukua iodini. Katika Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, watafiti akina François Delange walionyesha kwamba rovu lilihusiana na ulaji wa muhogo mahali ambapo iodini ilikuwa haba. Mihogo ikiloweshwa ipasavyo, ikavundikwa na kuanikwa mpaka ikauke, sehemu kubwa ya sumu huondoka. Madini joto yakiwa ya kutosha, madhara ya thiosayaneti kwa thairoidi hupungua sana. Kwa hiyo hapana haja ya kuuacha muhogo. Haja ni kuuandaa vizuri na kutumia chumvi ifaayo.

Jaribio la maabara ya shule

Mwalimu wa kemia anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa vifaa vichache. Chumvi ya Tanzania hutiwa iodini kwa umbo la potasiamu iodeti, kwa kuwa umbo hilo hustahimili joto na unyevu. Chukua vijiko viwili vya chumvi, uvikoroge katika maji kidogo. Ongeza matone machache ya asidi iliyopunguzwa nguvu, kiasi kidogo cha mmumunyo wa potasiamu iodaidi, na matone ya maji ya wanga yaliyochemshwa na kupoozwa. Chumvi ikiwa na iodeti, rangi ya buluu itatokea, kwa sababu iodini huru imetengenezwa na kushikana na wanga:

IO₃⁻ + 5I⁻ + 6H⁺ → 3I₂ + 3H₂O

Wanafunzi waweza kuleta chumvi kutoka nyumbani na dukani, ile ya pakiti na ile inayopimwa kutoka katika gunia, kisha walinganishe rangi. Kila darasa litengeneze pia chombo kimoja cha kulinganishia kisichotiwa chumvi yoyote. Chumvi iliyotumika katika jaribio isiliwe.

Hesabu nayo ifuate. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini katika kilo moja hutoa mikrogramu 150 katika gramu tano, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hicho ndicho kipimo cha mtu mzima kwa siku, wala hapana sababu ya kula chumvi zaidi, kwa kuwa chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Mama mjamzito huongezewa na maziwa, mayai na samaki, hasa wa baharini. Iodini hupungua chumvi ikikaa wazi, ikinyeshewa au ikichemshwa muda mrefu. Kwa hiyo chumvi iwekwe katika chombo kikavu chenye kifuniko, na itiwe chunguni chakula kikikaribia kuiva.

Si laana

Mahali pengi mama aliyezaa mtoto kiziwi au mzito wa akili amelaumiwa. Pengine imesemwa kwamba amerogwa, au amevunja mwiko, au ukoo wake una laana. Uchunguzi uliotajwa hapa unatoa jibu jingine. Mama huyo huenda hakukosea lolote. Alikula chakula kile kile walichokula majirani, na chumvi ile ile iliyokolea vizuri ulimini. Kilichokosekana hakina ladha, hakina harufu, wala hakionekani.

Na kwa kuwa ubongo huanza kujengwa kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito, hawezi kungoja siku ya kwanza kliniki ndipo aanze kujilinda. Kinga huanza kwa msichana, angali yuko darasani. Miongoni mwa wanafunzi wanaoitazama rangi ya buluu ikitokea katika chombo cha kioo wamo mama na baba wa miaka ijayo, na wamo pia watakaouza chumvi, watakaoitengeneza na watakaoikagua. Wapagazi wa zamani waliichukua chumvi ya Uvinza mabegani kwa siku nyingi ili watu wa mbali wapate kukoleza chakula chao. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba kila kibaba kinachofika sokoni kina pia kile kiasi kidogo ambacho mtoto aliye tumboni anakihitaji.